Mwenzako naye ana huduma kliniki

Mama, iwe unaishi Bukoba au Muleba, hudhurio la kwanza la ujauzito ni la wawili. Baba akifika, mtapimwa VVU na kaswende pamoja, na akikutwa na ugonjwa ataanzishiwa dawa. Ukitibiwa kaswende peke yako, anaweza kukuambukiza tena, na kaswende huweza kuua mtoto tumboni.

Kama anavua dagaa Goziba au Bumbire, pangeni mapema. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika, na hapo ndipo aje. Akishindwa, aulizie kipimo cha kujipima VVU kituo cha afya kilicho karibu naye. Kikionyesha maambukizi, lazima athibitishiwe kituoni.

Amekataa? Nenda peke yako. Ni haki yako kuhudumiwa, usikae nyumbani kwa sababu hana nafasi. Na kama unaogopa atakupiga akijua majibu yako, mwambie muuguzi kwanza, mkiwa wawili tu.

Baba aliyeajiriwa (wengi hawajui hili) ana likizo ya uzazi ya siku 3 yenye malipo, aichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Namba ya dharura ya uzazi ni 115, bila malipo. Naye aiweke kwenye simu yake.