Kutu nyeupe: Hasara inayoanzia kwenye ngozi ya bati

MSIMU wa vuli wa mwaka juzi nilinunua mabati 30 katika duka moja la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, kwa ajili ya kuezeka ghala la mpunga huko Magu. Lori lilinyeshewa njiani. Tulipofika tukayashusha na kuyalaza chini yakiwa yamefungwa vilevile, tukimsubiri fundi. Alikuja baada ya wiki tatu.

Tulipoyafungua, yale ya katikati yalikuwa na unga mweupe kama chokaa. Nilidhani nimeuziwa mabati feki. Kumbe kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo wakulima na wenye maduka wengi hulifanya kila msimu.

Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikigusa hewa hujivika utando mwembamba wa oksidi, yaani zinki iliyoungana na oksijeni. Utando huo ukipata unyevu kidogo na hewa ya ukaa hugeuka kuwa gamba la kijivu lililoshikana vizuri. Kwa hiyo bati likipoteza mng'ao baada ya miezi kadhaa usihuzunike. Linajikinga.

Mabati yaliyobanana yakiwa na maji katikati hayapati hewa ya kutosha. Gamba haliundwi. Badala yake zinki huliwa na maji na kuwa unga mweupe usioshikana. Hiyo ndiyo kutu nyeupe, na kila unga unaoupangusa ni zinki uliyoilipia.

Nafasi tupu zinazosafiri

Kwa macho utando wa oksidi hauna tundu. Lakini ndani yake atomu zimepangwa kwa safu kama matofali, na hakuna safu isiyo na kasoro. Mahali fulani atomu moja imekosekana, kwingine ipo ya ziada iliyojibana. Mwaka 1933 mwanasayansi wa Ujerumani, Carl Wagner, alieleza jinsi metali inavyoendelea kuliwa hata ikiwa imefunikwa na utando: chembe zake hupenya kwa kutumia kasoro hizo.

Fikiria daladala lililojaa la kwenda Igoma. Abiria wa mlangoni akishuka, wa nyuma yake husogea, na anayefuata naye husogea, mpaka nafasi inaonekana nyuma kabisa. Hakuna aliyetembea gari zima, ila nafasi imesafiri. Ndivyo atomu zinavyohama ndani ya utando.

Juu ya utando nako, penye kasoro ndipo maji hupenda kushika na kuanza kazi yake. Mikwaruzo na makunjo huongeza sehemu dhaifu. Ndiyo maana uharibifu huanza kwa madoa.

Adui mkubwa zaidi ni chumvi. Mwaka 1981 Digby Macdonald na wenzake walieleza kuwa chembe za kloridi, zilizomo ndani ya chumvi, huingia kwenye nafasi zilizoachwa na oksijeni na kuzalisha nafasi nyingine tupu. Nafasi hizo zikirundikana chini ya utando, utando huachana na metali na kupasuka.

Sisi wa Ziwa Victoria tuna bahati, kwa kuwa maji yetu ni baridi na upepo wake hauna chumvi kama ule wa bahari ya Dar es Salaam. Lakini chumvi tunaileta wenyewe. Mfanyabiashara wa kayabo anayerundika samaki wa chumvi dhidi ya ukuta wa bati anaula ukuta wake. Hali kadhalika mkulima anayeegemeza mifuko ya mbolea iliyopasuka, kwani mbolea nyingi za dukani ni chumvi zinazovuta unyevu. Majivu mabichi na saruji mbichi navyo huyeyusha zinki.

Piga hesabu kwa miaka

Wengi wetu huuliza geji tu: 28 ni nene, 32 ni nyembamba. Geji hukuambia unene wa bati. Uliza pia zinki ni gramu ngapi kwa mita ya mraba. Gramu 100, zikigawanywa pande mbili, ni kama mikroni 7 kila upande, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Gramu 200 ni mikroni 14.

Tuseme zinki inapungua mikroni moja kwa mwaka. Bati la kwanza lina kinga ya miaka 7, la pili miaka 14. Kama la kwanza, kwa mfano tu, ni Sh 28,000, kinga yake inakugharimu Sh 4,000 kwa mwaka. La pili likiwa Sh 35,000, ni Sh 2,500. Lililoonekana ghali ndilo rahisi, na bado hujamlipa fundi wa kuezua na kuezeka upya.

Kwa mwenye duka, panga mabati chini ya paa, juu ya mbao, upande mmoja uinuke ili maji yatiririke. Yakinyeshewa, yafungue, yafute na uyaache yapate hewa siku hiyo hiyo. Usiburuze bati juu ya jingine. Kwa mkulima, fungua mafungu kabla ya kulipa na utazame la katikati, si la juu pekee. Mbolea na kayabo vikae mbali na ukuta, juu ya vichanja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bati ufa huo hauonekani kwa macho, lakini gharama yake mimi niliiona: mabati 11 kati ya 30 sikuyapandisha juu ya ghala. Sasa yamezungushia banda la kuku.