Kijana anapotaka gesi ya naitrasi kwenye gari, mzazi afahamu haya

Kuna umri ambao kijana haombi tena simu wala baiskeli. Anataka gari, na akishalipata anataka likimbie kuliko la rafiki yake. Huanza na ekzosi yenye mngurumo, zikafuata rimu na tairi pana, kisha siku moja neno jipya linaingia sebuleni: naitrasi.

Wazazi wengi wamelisikia neno hilo kwenye filamu. The Fast and the Furious ya mwaka 2001 iliwaonyesha vijana duniani kote magari yanayochomoka mara tu dereva anapobonyeza kitufe. Wengi hawakuelewa kwamba nyuma ya kitufe hicho kuna mtungi wa gesi yenye presha kubwa, uliokaa ndani ya gari alimo mtoto wa mtu.

Kumwambia kijana "sitaki kusikia" mara nyingi humpeleka gereji kimyakimya. Mzazi anayejua gesi hiyo inavyofanya kazi huweza kuuliza maswali yanayomfanya kijana na fundi wake wafikiri mara mbili.

Gesi ya hospitali ndani ya injini

Naitrasi oksaidi si kitu kigeni kwa madaktari. Mwingereza Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, na mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells, wa Hartford nchini Marekani, alianza kuitumia kupunguza maumivu ya kung'oa jino. Hadi leo hutumika katika kliniki za meno na katika baadhi ya wodi za kujifungulia. Wengi huiita gesi ya kuchekesha.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani waliiweka kwenye baadhi ya ndege zao za kivita ili ziwe na nguvu zinaporuka juu sana. Mwaka 1978, Wamarekani Mike Thermos na Dale Vaznaian walianzisha kampuni ya NOS, na biashara ya kuifunga kwenye magari ikashika kasi.

Gesi hii yenyewe si mafuta. Ikifika joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi huvunjika na kuachia oksijeni. Kwa uzito, hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 23, wakati naitrasi ina asilimia 36. Oksijeni ikiongezeka, injini huweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo nguvu inapotoka.

Hatari nayo imekaa hapohapo. Oksijeni ikiingia nyingi bila petroli ya kutosha, moto ndani ya silinda huwa mkali kupita kiasi. Pistoni huyeyuka au kutoboka ndani ya sekunde chache.

Nguvu huongezwa kidogo kidogo

Mafundi wa mashindano hawaanzi na kiwango kikubwa. Kwanza hupima mgandamizo wa kila silinda kujua kama injini ni nzima. Injini inayokula oili au yenye gasketi iliyochoka haifungwi gesi.

Kisha huanza na nozeli ndogo, kwa mfano ya kuongeza nguvu 50 za farasi. Baada ya kila jaribio huchomoa plagi na kuzisoma. Plagi yenye vidoa vya chuma kilichoyeyuka au iliyopauka kupita kawaida ni ishara ya kusimama, si ya kuendelea. Matokeo yakiwa mazuri ndipo huhamia 75, kisha 100. Zaidi ya hapo, injini nyingi za kawaida huhitaji pistoni imara zaidi za kufuliwa.

Kila hatua ina mambo yanayokwenda nayo. Pampu lazima iweze kupeleka petroli ya kutosha, na petroli yenyewe iwe ya oktani ya juu. Plagi hubadilishwa ziwe za baridi zaidi. Taimingi hurudishwa nyuma, na kanuni inayotumiwa na wengi ni takriban digrii 2 kwa kila nguvu 50 zinazoongezwa.

Muhimu zaidi ni swichi za usalama. Moja huruhusu gesi kutoka pale tu dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Nyingine huizuia injini ikiwa chini ya takriban mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa sababu gesi na petroli vikijikusanya kwenye njia ya hewa vinaweza kulipuka. Ya tatu hukata gesi presha ya petroli inaposhuka. Anayesema swichi hizo ni kupoteza pesa anacheza na injini, na na dereva pia.

Mtungi hauchezewi

Tairi la gari dogo huwa na presha ya takriban PSI 30. Mtungi wa naitrasi hufanya kazi vizuri kwenye PSI 900 hadi 950. Joto likiongezeka presha hupanda haraka, na gari lililofungwa vioo juani huwa kama tanuri.

Baadhi ya vijana huupasha mtungi kwa moto ili presha ipande. Hilo ni kosa linaloweza kuua. NHRA, chama cha mashindano ya magari cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951, huruhusu blanketi maalumu lenye kidhibiti joto, na hupiga marufuku njia nyingine za kuupasha mtungi.

Mtungi ufungwe kwa vyuma na boliti, si kwa kamba wala mkanda wa kiti. Vali yake ya usalama iunganishwe na bomba linalotoa gesi nje ya gari. Bila bomba hilo, vali ikifunguka gesi hujaa ndani na kuchukua nafasi ya oksijeni, na dereva anaweza kupoteza fahamu akiwa kwenye usukani. Gesi inayotoka hubabua ngozi kwa baridi, kwani kimiminika chake huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri.

Gesi inapoishia puani

Kuna hatari nyingine ambayo gereji hailizungumzii. Baadhi ya vijana huivuta gesi hii ili wachangamke. Ikivutwa mara kwa mara huharibu uwezo wa vitamini B12 kufanya kazi mwilini, na mishipa ya fahamu huumia. Dalili huanza na ganzi au hisia ya kuchomwachomwa kwenye vidole vya miguu na mikono, kisha kuyumba wakati wa kutembea. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mapema na daktari aelezwe ukweli, maana matibabu yakichelewa madhara yanaweza kubaki.

Uholanzi iliipiga marufuku kwa matumizi ya starehe Januari 2023, na Uingereza ikaiweka kwenye orodha ya dawa za kulevya Novemba mwaka huohuo. Gesi ya magari huweza pia kutiwa salfa dayoksaidi ili isivutike, na hiyo huunguza njia ya hewa. Hospitali mgonjwa hupewa gesi safi iliyochanganywa na oksijeni, chini ya uangalizi.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Mzazi hahitaji kuwa fundi. Anaweza kumuuliza kijana: Nani anafunga, na ameshafunga mangapi? Bomba la kutolea gesi linaishia wapi? Swichi ya presha ya petroli ipo? Breki na tairi vimeboreshwa pia, au ni mwendo tu? Kampuni ya bima imearifiwa? Mtungi ukitolewa kwenye gari unahifadhiwa wapi, na wadogo zake wanaweza kuufikia?

Swali la mwisho ni kuhusu mahali. Ufungaji ukiwa mzuri kiasi gani, haubadilishi barabara ya mtaani kuwa uwanja wa mashindano. Barabarani kuna bodaboda, wanafunzi na kina mama wanaovuka na ndoo. Kijana anayependa mwendo kwa dhati atafute uwanja rasmi, avae kofia ngumu, na gari lake likaguliwe kabla ya kuwasha. Asipokuwa tayari kwa hayo, mtungi huo usinunuliwe, na mzazi asitoe pesa yake.