Maumivu ya Kisigino: Tiba Zilizopo na Ipi Ianze

Mwalimu mwenye vipindi vitatu kwa siku husimama saa nyingi juu ya sakafu ya saruji, na kwa sisi wa Kampala, kabla na baada ya kusimama huko kuna vilima vya kupanda na kushuka. Si ajabu, basi, kwamba katika chumba cha walimu malalamiko ya kisigino hushindana na yale ya mshahara. Jarida letu kwa kawaida hushughulikia lugha na fasihi. Safari hii nimeruhusiwa niandike kuhusu maradhi haya, na wasomaji wataona kwamba lugha nayo ina sehemu yake humo.

Dalili yake kuu haijifichi. Mgonjwa huamka asubuhi, hukanyaga chini, na hatua ya kwanza humchoma chini ya kisigino kana kwamba amekanyaga msumari. Baada ya hatua kadhaa maumivu hupungua, kisha hurudi anapoinuka baada ya kukaa kwa muda mrefu, au jioni baada ya kusimama kutwa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wenye uzito mkubwa, wanaosimama sana kazini, wakimbiaji, na wale ambao misuli ya shavu la mguu imekaza.

Chini ya wayo kuna utando mnene, mgumu kama ukanda, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kufika kwenye vidole. Huo ndio unaoshikilia upinde wa wayo. Ukivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, huchakaa pale unaposhikana na mfupa. Madaktari huuita ugonjwa huu planta fasiaitisi. "Planta" ni wayo kwa Kilatini, "fasia" ni ukanda, na tamati "-itisi" huashiria uvimbe wenye joto na wekundu. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003, wa vipande vya utando vya wagonjwa 50 waliopasuliwa, ulikuta uchakavu wa nyuzi badala ya uvimbe wa namna hiyo. Jambo hili si la wanaisimu tu. Ikiwa tatizo ni uchakavu, dawa ya kupunguza uvimbe haiwezi kuwa tiba yenyewe.

Neno la pili linalopotosha ni "mwiba". Picha ya eksirei mara nyingi huonyesha kichomozo kidogo cha mfupa chini ya kisigino, na mhudumu humwambia mgonjwa kwamba ana mwiba wa mfupa. Sasa, kwetu mwiba ni kitu cha kuchomolewa! Mwenzetu mmoja alitoka kliniki akiwa na neno hilo, akaanza kuchanga fedha za upasuaji, na wakati huo huo akawa anachomwa sindano kila maumivu yaliporudi. Alikuwa amefikia kuwaza kuacha kufundisha. Laiti angeelezwa kwamba watu wengi wana kichomozo hicho na hawaumwi kabisa, na kwamba wengi wenye maumivu hupona huku kichomozo kikiwa palepale.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hupona bila kupasuliwa, ingawa huenda ikachukua miezi mingi, hata mwaka. Kwa maoni yangu, kinachowashinda watu ni subira kuliko gharama, maana tiba ya kuanza nayo haina bei. Ni kunyoosha utando. Kabla ya kushuka kitandani, kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole na uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi utando umekaza kama kamba chini ya wayo. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ya kwanza ikiwa kabla ya hatua ya kwanza. Nyoosha pia shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma na kisigino kimegusa chini.

Zoezi la pili ni la kuimarisha, na lilijaribiwa Denmark kwa wagonjwa 48, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Simama kwenye ngazi kwa mguu unaouma, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole. Panda polepole kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka kwa tatu. Hufanywa siku moja na kupumzika siku inayofuata: kwanza mara 12 kwa mizunguko mitatu, na kadiri nguvu zinavyoongezeka mgonjwa hubeba mkoba wenye vitabu na kupunguza idadi ya kupanda. (Kamusi zetu kubwa hatimaye zimepata kazi nyingine.) Baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu kuliko waliokuwa wakinyoosha tu, kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa.

Viatu navyo vina neno. Kandambili laini na viatu bapa visivyo na kitu chini ya kisigino huongeza mateso. Afadhali kiatu kilichofungwa, chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo. Soli za ndani za kununuliwa tayari husaidia kwa kiasi, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zile ghali za kupimiwa huzishinda. Kuviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo kwa dakika kumi jioni hutuliza. Ibuprofeni hutuliza pia, lakini kwa siku chache tu, na asiitumie bila ushauri mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu.

Tuje kwenye sindano ya steroidi, inayopendwa kwa sababu hufanya kazi haraka. Utafiti wa Australia wa mwaka 2012, uliohusisha watu 82, ulionyesha kwamba ilipunguza maumivu katika wiki ya nne, lakini kufikia wiki ya nane tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Zikirudiwarudiwa, huweza kudhoofisha utando hata ukakatika, na kupunguza mafuta yanayokinga kisigino. Moja huweza kumvusha mtu kipindi kigumu; kuzifanya desturi ni hatari. Aliyeumwa zaidi ya miezi sita licha ya mazoezi anaweza kuuliza kuhusu tiba ya mawimbi ya mshtuko, ambayo haipatikani kila hospitali, na upasuaji wa kukata sehemu ya utando ubaki kwa wachache walioshindikana kwa yote hayo.

Si kila kisigino kinachouma kina maradhi haya. Ganzi au kuwaka moto, maumivu yanayozidi usiku ukiwa umelala, uvimbe, homa, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, vyote vinahitaji daktari. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo mkavu aeleze mambo hayo mawili pamoja. Na mwenye kisukari akiona kidonda chochote kwenye wayo, aende siku hiyo hiyo.