Kitanda cha bei nafuu Nairobi: mgeni alale wapi?

MGENI anayeshuka basi jijini Nairobi saa mbili usiku, akiwa na mkoba mmoja na pesa za kuhesabu, huwa na swali moja linalomsumbua kuliko mengine yote: atalala wapi?

Si watalii pekee wanaojiuliza swali hilo. Yumo mwalimu kutoka Busia anayefuatilia faili yake katika makao makuu ya Tume ya Kuwaajiri Walimu mtaani Upper Hill. Yumo mama wa Kitui aliyeletewa mgonjwa wake Hospitali Kuu ya Kenyatta, na kijana aliyeitwa kufanyiwa mahojiano ya kazi saa mbili asubuhi. Wapo pia waliokuja kutafuta pasipoti katika jumba la Nyayo au kuhudhuria kesi katika Mahakama za Milimani. Wengi wana jamaa mjini, lakini jamaa huyo anaishi na mke na watoto watatu katika chumba kimoja Kawangware au Kayole, na mgeni mwenye haya huona afadhali ajitafutie kitanda.

Kabla ya kutafuta, yafaa mgeni aelewe lugha ya mji. Nchini Kenya neno “hoteli” katika mazungumzo ya kila siku humaanisha mahali pa kula. Kibanda chenye meza mbili, chai na mandazi ni hoteli, na hakina hata benchi ya kulalia. Anayetaka kulala huulizia “lojingi”, neno lililotokana na vibao vya Kiingereza vilivyopakwa rangi kwenye kuta tangu zamani. Aliye na uwezo kidogo zaidi huulizia gesti au hosteli. Majina haya matatu hayatofautiani kwa bei tu. Yanatofautiana kwa historia, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kitanda cha River Road na kitanda cha State House Road, ambavyo huenda mtu akatembea kutoka kimoja hadi kingine kwa muda usiozidi nusu saa, ni kama viko katika miji miwili.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kandokando yake. Kilima kilicho magharibi, chenye hewa safi na udongo usiotuamisha maji, kikachukuliwa na maafisa wa Kizungu. Upande wa mashariki, kuelekea mto, wakakaa Wahindi na maduka yao. Mwafrika hakutarajiwa kuwa mgeni wa mji huo hata kidogo. Alitarajiwa kuwa kibarua, afanye kazi kisha arudi kwao, na kuanzia mwaka 1920 alilazimika kubeba kipande shingoni. Hoteli kubwa hazikumpokea ila kama mpishi au mtumishi. Aliyehitaji kulala alikwenda Pangani, na baadaye Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambako wenye nyumba, wengi wao wanawake Waislamu, walikodisha vyumba na hata vitanda. Mtu anaweza kusema kwamba hao ndio waliokuwa wa kwanza kuendesha nyumba za wageni za bei nafuu kwa Mwafrika jijini, ingawa hakuna kibao chochote kinachowakumbuka.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka upesi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwabana Wahindi ambao hawakuwa raia, na maduka mengi ya River Road na mitaa ya jirani yakaingia mikononi mwa wafanyabiashara Waafrika. Majengo yale ya ghorofa mbili au tatu, yenye duka chini na makao ya familia juu, yalifaa sana kwa biashara mpya: chini mkahawa au baa, juu vyumba vya kulala. Vituo vya mabasi ya kwenda mashambani vilikuwa hapo hapo. Hivyo ndivyo lojingi za River Road, Latema Road na Accra Road zilivyozaliwa, na ndiyo sababu hadi leo zimejikusanya hapo. Katika miaka ya 1970 na 1980 hata vijana wa Ulaya waliokuwa wakivuka Afrika kwa malori walizijua. Iqbal ya Latema Road na New Kenya Lodge ya River Road zilikuwa majina waliyopashana kutoka Cairo hadi Cape Town.

Uzuri wa lojingi ni kwamba ipo karibu na basi na haina maswali mengi. Ubaya wake ni huo huo. Nyumba isiyouliza maswali humpokea mwalimu wa Busia, na humpokea pia yule ambaye mwalimu huyo hangependa kulala naye ukuta kwa ukuta. Kwa hivyo mgeni mwenye busara hulipia chumba baada ya kukiona, kamwe si kabla. Aulize kama vyumba hukodishwa kwa saa. Jibu la swali hilo, hata likitolewa kwa kicheko, humweleza kama atapata usingizi. Aangalie kama mlango una komeo la ndani, mbali na kufuli ambayo ufunguo wake wa pili uko mapokezini. Afungue bomba, kwa kuwa maji ya Nairobi hutolewa kwa mgao na si kila jengo lina tangi la kutosha. Chumba kinachoelekea barabarani juu ya baa kitapiga muziki hadi alfajiri, kisha honi za matatu zipokee zamu. Ainue pembe ya godoro na kuchungulia mishono: vidoa vyeusi vidogo vilivyojipanga ni dalili ya kunguni, na kunguni hawabaki Nairobi, hupanda basi na kurudi naye kijijini.

Jambo moja limepunguza hatari za zamani. Kabla ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007, msafiri alibeba karo, nauli na pesa za hospitali katika soksi, na wezi wa mjini walijua hivyo. Siku hizi anaweza kulipia chumba kwa simu na kubaki na shilingi chache mfukoni. Lakini wezi nao wamehamia kwingine. Wapo wanaotia watu dawa ya usingizi katika vinywaji, dawa ambayo wakazi wa jiji huiita “mchele”, na mtu huamka asubuhi hana simu wala namba ya siri iliyo salama. Mgeni aliye peke yake katika baa iliyo chini ya lojingi yake ndiye windo lililo rahisi zaidi.

Ng’ambo ya Uhuru Highway, hadithi ni nyingine. Barabara hiyo, iliyoitwa Princess Elizabeth Way wakati wa ukoloni, ndiyo mpaka wa kale kati ya mji wa biashara na kilima cha wakubwa. Huko kilimani hakukuwa na lojingi. Kulikuwa na taasisi, na hosteli ni zao la taasisi.

Chama cha vijana Wakristo, YMCA, kilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams, karani wa duka la nguo, kwa sababu ambayo Mkenya yeyote ataitambua: vijana walikuwa wakimiminika mjini kutoka mashambani kutafuta kazi, na mji ulikuwa ukiwameza. Kilifika Kenya mwaka 1910, na kile cha wanawake, YWCA, kikafuata mwaka 1912. Hosteli kuu ya YMCA jijini iko State House Road, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ile ya YWCA iko Mamlaka Road, mwendo mfupi kutoka hapo, nayo huwahudumia hasa wanawake. Kwa msichana aliyekuja mjini kusomea ukarani miaka ya 1960 na 1970, kitanda huko kilikuwa zaidi ya kitanda. Kilikuwa barua ya uthibitisho kwa baba yake kwamba binti hajapotea.

Chanzo cha tatu ni hosteli za vijana zilizobuniwa na mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, mwaka 1909 baada ya kunyeshewa na mvua akiwa matembezini na wanafunzi wake. Mwaka 1912 alifungua hosteli ya kudumu ndani ya ngome ya kale ya mji mdogo wa Altena. Kutoka hapo mtindo huo ulienea katika miji midogo ya Ujerumani, Ufaransa na kwingineko, ambako hadi leo kijana asiye na pesa nyingi hulala ndani ya kuta za kihistoria. Nairobi nayo ilipata ya kwake, ya chama cha hosteli za vijana cha Kenya, katika Ralph Bunche Road kati ya Valley Road na Ngong Road. Barabara hiyo ilipewa jina la Mmarekani mweusi wa Umoja wa Mataifa aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950. Kwa miongo mingi hosteli hiyo ilikuwa mahali ambapo kijana wa Uswidi na mwanafunzi wa Kisii walipika uji katika jiko moja.

Desturi za hosteli humshangaza anayeingia mara ya kwanza. Hukodishi chumba bali kitanda, pengine cha juu katika kitanda cha ghorofa, ndani ya bweni lenye watu wanne, sita au zaidi. Bafu ni la pamoja. Kabati la kuweka vitu lipo, lakini kufuli mara nyingi huwa ni yako, kwa hivyo inunue mapema. Huenda ukatakiwa kulipa ada ndogo ya uanachama juu ya bei ya kitanda. Kitambulisho au pasipoti huandikwa kitabuni, pombe kwa kawaida hairuhusiwi, na wageni wako hawapiti mapokezini. Mihula ya chuo kikuu inapofunguliwa, wanafunzi waliokosa malazi chuoni hujaza vitanda kwa miezi, na mpita njia hukosa. Ni lazima upige simu kabla ya kusafiri.

Wengi hulalamikia masharti haya, hasa waliokwisha kuishi bwenini wakiwa shuleni na kuapa kutorudi tena. Lakini ni hayo hayo yanayomlinda mgeni. Bweni halina siri: watu watano wanajua ulirudi saa ngapi, na mlinzi wa lango anajua ulitoka na nani. Linganisha na nyumba za kukodi kwa siku ambazo zimejaa Kilimani na Kileleshwa tangu ghorofa ndefu zichukue mahali pa nyumba za zamani zenye bustani. Mteja hulipa kwa simu, hupewa namba ya kufungulia mlango, na anaweza kukaa siku tatu bila kuonana na mwenye nyumba. Mnamo Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za aina hiyo jijini, mmoja South B na mwingine Roysambu, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Kisheria, tangu Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, anayewalaza wageni kwa malipo anahitaji leseni. Kati ya leseni na mtu aliyekaa mapokezini usiku kucha, hata hivyo, mwandishi huyu angemchagua yule wa mapokezini.

Zipo pia nyumba za wageni za makanisa, ambazo wengi hudhani ni za mapadri na wamishonari tu. Sivyo, hupokea mtu yeyote anayeheshimu utaratibu. Kanisa la Kianglikana lina yake Bishops Road, Upper Hill. Masista wa Consolata wana Flora Hostel katika Fifth Ngong Avenue. Wamethodisti wako Oloitoktok Road, Lavington, na Wamennonite Church Road, Westlands. Bei zake huzidi za River Road, lakini kiamshakinywa aghalabu kimo, chumba ni kimya, na anayekula huko hahitaji kutoka usiku kutafuta chakula.

Kwa aliye na mgonjwa Kenyatta, hesabu ya umbali ni muhimu kuliko bei. Anayelala River Road hulipa nauli kwenda na kurudi kila siku, na akiitwa usiku hana matatu ya kutegemea. Anayelala Upper Hill au upande wa Ngong Road anaweza kufika wodini kwa miguu mchana, na kwa teksi ya masafa mafupi usiku. Kwa jamaa wanaokaa wiki mbili, nauli pekee yaweza kula ile tofauti ya bei.

Kufika huko si vigumu. Matatu za nambari 46 za Kawangware hupitia Hurlingham na Yaya. Za 111 huenda Ngong. Za 22 na 23 huelekea Kangemi zikipitia Westlands. Anayekwenda State House Road hahitaji matatu mchana, kwani ni kuvuka Uhuru Highway na kupanda kidogo. Giza likiingia, mpango hubadilika: asikatize Uhuru Park na mkoba begani, apande teksi hadi langoni. Na abiria wa mabasi ya usiku yanayofika saa kumi alfajiri asikubali kushawishiwa na makanga kwamba kuna chumba kizuri hapo karibu. Abaki ndani ya ofisi ya basi hadi kupambazuke, anywe chai, kisha apige simu hosteli kuuliza kama kuna aliyeondoka.