"Kumwashia Mtu Taa": Onyo au Ruhusa?

Katika lugha ya madereva wetu, "kumwashia mtu taa" ni kuwasha na kuzima upesi taa kali za mbele ili kumpasha habari dereva mwingine. Tendo ni moja, lakini maana zake ni nyingi: "nipo, jihadhari", "pita wewe", "punguza taa zako", na hata "mbele kuna askari wa barabarani".

Wingi huo wa maana ndio hatari yenyewe. Madereva wawili wakutanapo kwenye daraja jembamba, mmoja akawasha taa kwa kusudi la kusema "ninapita", mwenzake aweza kufahamu "pita wewe". Wakaingia wote wawili.

Waingereza wameukwepa utata huo kwa kubakiza maana moja tu. Kanuni ya 110 ya mwongozo wao wa barabarani yataka taa ziwashwe hivyo kwa kuwajulisha wengine kwamba upo, basi. Kanuni ya 111 yakataza kuidhania ishara hiyo kuwa ni ruhusa ya kupita.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika tafsiri za sheria na vitabu vya udereva litumike "onyo la taa", wala si "ishara ya taa". Kwani ishara yaweza kuruhusu, lakini onyo haliruhusu kamwe. Na "udereva wa kujihami" uelezwe hivi: kuendesha kwa kutegemea unachokiona barabarani, si unachodhani kuwa mwenzako amekusudia.