Tumpime Mtoto kwa Ukamilifu Wake

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mitihani, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingiwa na wasiwasi. Aliyefaulu hupokewa kwa vigelegele, na aliyefeli huingia ndani kwa mlango wa uani asionekane na majirani. Hatuna ugomvi na furaha ya waliofaulu, kwani wamestahiki. Tunalouliza leo ni hili: yule aliyepita mlango wa uani tumempima kwa kipimo gani? Na kipimo hicho kimetuambia nini juu yake, zaidi ya kwamba siku ile, katika saa zile, hakuweza kuyajibu maswali yale?

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bila malipo, mtoto wa mkulima na wa mvuvi alifunguliwa mlango ambao kabla ya hapo ulikuwa mwembamba na wenye ubaguzi. Lakini kuufungua mlango ni kazi moja, na kumjua aliyeingia ni kazi nyingine. Skuli zilijaa, nyingi zikalazimika kusomesha mikondo miwili, asubuhi na mchana, na mwalimu mwenye darasa kubwa akabaki kumjua mtoto kwa jina lake katika orodha na nafasi yake katika matokeo. Mtihani, uliokusudiwa uwe chombo kimoja miongoni mwa vyombo, ukawa ndio hakimu wa pekee.

Hatari hii haikuonekana leo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, aliukosoa mtindo wa kuwaandaa watoto wote kwa ajili ya mitihani ambayo wachache tu ndio wangeivuka. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi wa Novemba 1974 ililirudia jambo hilo, na kuanzia 1976, kwa wanafunzi wa sekondari, kazi na maendeleo ya kila siku yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Fikra ilikuwa njema. Utekelezaji ndio uliolegea. Pale mwalimu alipotakiwa aandike tabia na juhudi za mtoto, mara nyingi paliandikwa neno moja tu, «wastani» au «ajitahidi», kwa watoto arobaini mfululizo. Neno la namna hiyo halimpimi mtu, linajaza nafasi katika karatasi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kipimo kilicho bora. Wengi wetu katika visiwa hivi tulipita chuoni kabla ya kuingia skuli, au tulikwenda kote kuwili kwa zamu. Chuoni mwalimu humsikiliza mtoto mmoja mmoja. Kila mtoto ana mahali pake alipofika katika msahafu, na hasogei mbele mpaka pale alipo pawe pamekaa sawa. Aliyetangulia humsikiliza aliyefuata nyuma, na mwalimu anajua nani ana ulimi mzito, nani amelala na njaa, na nani baba yake yumo safarini. Chuo nacho kina kasoro zake, na bakora imewakimbiza wengi. Lakini ile desturi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja ni hazina yetu wenyewe, nayo yafaa iingie katika kila darasa.

Kumpima mtoto kwa ukamilifu wake maana yake ni kuuliza maswali ambayo karatasi ya mtihani haiulizi. Je, anaona? Mtoto anayenakili ubaoni mambo yasiyoandikwa huenda si mvivu, huenda macho yake hayafiki. Je, anasikia? Anayeitwa mara tatu bila kuitika hupewa adhabu ya ukaidi, kumbe sikio lake lina maradhi yanayotibika. Je, amekula? Je, msimu wa karafuu huchukuliwa dago pamoja na wakubwa wake, akarudi darasani wenziwe wamekwisha kufika mbali? Na anajua nini ambacho skuli haijapata kumuuliza? Yupo anayeshika nafasi ya mwisho katika hesabu za daftarini, naye anajua tangu udogo wake majira ya bamvua na maji mafu, na anaweza kuushona wavu uliochanika. Akili ni nywele, walisema wazee, kila mtu ana zake. Mwalimu anayeijua elimu hiyo ya ufukweni ataitumia kumfundishia mtoto hesabu. Asiyeijua atamwita mjinga, na mtoto mwenyewe atasadiki.

Ama kuhusu watoto wenye ulemavu, hapo kipimo chetu kimekuwa kifupi zaidi. Tumezoea kuorodhesha wasichoweza: hatembei, hasemi, hasikii. Tathmini ya haki huanza upande wa pili: anaweza nini peke yake, anaweza nini akishikwa mkono, na nani wa kumshika? Waislamu tunaisoma Sura ya Abasa, na tunajua iliteremka kwa ajili ya kipofu aliyekuja kutaka elimu, Abdullah bin Ummi Maktum, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waadhini wa Mtume huko Madina. Baada ya somo hilo, anayemgeuzia uso mtoto kwa sababu ya kiungo chake hana udhuru.

Swali la nani wa kumshika mkono ndilo linalotufikisha kwenye kiini cha maneno yetu. Nyuma ya kila mtoto anayehitaji msaada yupo mtu anayeutoa msaada huo kila siku: bibi anayembeba mjukuu mgongoni mpaka skuli, dada anayemwogesha na kumlisha kabla ya yeye mwenyewe kuvaa sare, mwanafunzi mwenziwe anayemsomea ubao kwa sauti ndogo. Kazi hii haina cheo wala mshahara, na haimo katika ripoti yoyote. Hata hivyo, ikikosekana kwa juma moja tu, mtoto hafiki darasani, na vitabu na walimu tuliowagharimia huwa havimfai kitu.

Tena kazi hii ina gharama, ijapokuwa haiandikwi. Mkulima wa mwani hufuata maji. Bamvua likifika na mama hana wa kumwachia mtoto asiyeweza kukaa peke yake, maji hutoka na kurudi, na kipato cha siku zile kimekwenda. Dada anayebaki nyumbani kumlea nduguye naye ni mtoto, na masomo yake ndiyo yanayolipa deni hilo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tumeuacha mkono mmoja ulee, kisha tukaulaumu kwa kuchoka.

Ahadi juu ya mambo haya tulikwisha kuitoa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu ikuze nafsi, vipaji na uwezo wote wa mtoto, wa akili na wa mwili. Katika kifungu cha 23 unataka msaada umfikie mtoto mwenye ulemavu pamoja na wale wanaomtunza. Zanzibar nayo inayo Sheria yake ya Mtoto, Namba 6 ya 2011. Basi hatuombi hisani. Tunataka lililokwisha kukubaliwa litendwe.

Tunajua jibu litakalotoka maofisini, kwamba fedha hazitoshi. Lakini yapo mengi yasiyongojea bajeti. Kila skuli na iweke daftari la mtoto, ambamo mwalimu wa darasa ataandika, kila muhula, sentensi tatu za kweli juu ya kila mwanafunzi: anachokiweza, kinachomzuia, na anayemsaidia nyumbani. Kupima macho kwa karatasi ya herufi iliyotundikwa ukutani, mtoto akiwa umbali wa mita 6, ni kazi ya asubuhi moja, na atakayeonekana ana shida apelekwe hospitali. Masheha na mabalozi wa mashina wanaijua kila nyumba. Na wawaandike walezi kama wanavyowaandika wagonjwa na wazee, na kamati za skuli ziwapangie majirani zamu za kuwapumzisha siku za bamvua na za mavuno.

Ama lile linalohitaji fedha, yaani posho ya msaidizi wa darasani na nauli ya mtoto asiyeweza kutembea, hilo lipangiwe fungu lake waziwazi. Lisibaki kuwa sadaka ya mwenye moyo mwema, kwani mwenye moyo mwema naye huugua na huzeeka.

Kwa wazazi neno letu ni fupi. Matokeo yajayo yakitangazwa, aliyefeli naye na apite mlango wa mbele, akae na wakubwa wake, aulizwe kwa upole nini kilimshinda na kwa nini, na jibu lake lipelekwe kwa mwalimu. Na viongozi wanaozitembelea skuli, kabla ya kuuliza wangapi wamefaulu, wamwombe mwalimu mkuu awaonyeshe daftari la watoto wasiofaulu. Humo ndimo itakamoonekana kama tunalea taifa au tunahesabu alama tu.