Ukiambiwa "public land", uliza: public ya nani?

Mwambie mzee wa Mokowe au Ndau kwamba shamba analolima ni "public land", yaani ardhi ya umma. Huenda akashukuru Mungu: umma si ndiyo sisi? Kwa asili ya neno, mzee hajakosea. "Public" limetoka kwa Kilatini, publicus, na mzizi wake ni populus, watu. Na "umma" letu, tulilopokea kwa Waarabu, pia ni watu.

Lakini Kiingereza kililizungusha. "Public" likawa kilicho wazi kwa wote, kisha kilicho chini ya serikali. (Kule Uingereza "public school" ni shule ya kulipia karo kubwa mno, basi usishangae.) Sheria ya ardhi imeshika ile maana ya serikali.

Kwetu mambo yalianza na sheria ya 1908 ya hatimiliki za ardhi za Pwani. Mwenye kudai ardhi alete madai yake; isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mfalme alipoondoka ikawa ya serikali, na Katiba ya 2010, kifungu cha 62, ikaiita ya umma. Jina limebadilika mara mbili, na anayelima bado hana hati.

Kifungu hichohicho kimeingiza pia ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa. Hapo ndipo tunapopandisha majahazi na kuyakalafati, wanawake wakaokota chaza. Neno "pwani" lenyewe ni jamaa ya kupwa! Ardhi hiyo inashikwa na serikali kuu kwa niaba ya Wakenya wote.

Soma sasa kifungu cha 40. Mwenye haki ya ardhi akinyang'anywa kwa mradi wa taifa, ni lazima alipwe fidia kamili na kwa haraka. Aliyeikalia kwa nia njema bila hati anaweza kufikiriwa. Baina ya "lazima" na "anaweza" kuna shamba zima la minazi.

Kifungu cha 63 kina neno jingine, "community", ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeeleza namna ya kuisajili. Kwa hiyo ofisa akija kijijini na ramani, kabla ya kutia saini mwombeni awasomee ni neno gani limeandikwa juu ya shamba lenu, na nani aliyeliandika.